JE, WAJUA? Mgeni wa Australia kwenye mibuni ya Gitega

Je, wajua kwamba mgrevilea, mti mrefu unaosimama kati ya migomba na mibuni kuanzia Musinzira mjini Gitega, Burundi, hadi vilima vya Muyinga, asili yake ni misitu ya mvua ya mashariki mwa Australia? Uliletwa Afrika Mashariki enzi za ukoloni kutia kivuli mashamba ya chai na kahawa. Wakulima waliupenda, na hawakukosea: hukua upesi, huvumilia kupogolewa, mizizi yake huzama chini bila kuyanyima maharage chakula, na majani yanayopukutika huwa matandazo ya bure.

Msitu wa asili, hata hivyo, haurudi kwa mgrevilea peke yake. Unahitaji miti ya asili. Umurinzi, wenye maua mekundu, ni wa jamii ya mikunde na hurutubisha udongo kwa naitrojeni. Mringaringa huipa mibuni kivuli na nyuki chakula. Warundi huuita umuvugangoma, kwani ndio unaochongwa ngoma zao, zile zinazopigwa Gishora karibu na Gitega; mchezo wa kijadi wa ngoma ya kifalme uliingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2014. Kuukosa mti huu shambani ni hasara kubwa.

Mwaka 2018 serikali ya Burundi ilianzisha kampeni ya upandaji miti, Ewe Burundi Urambaye. Shambani, miti inayopandwa hukaa vizuri kwenye makingamaji yaliyopandwa majani ya malisho: majani huzuia udongo usisombwe, ng'ombe huyala, samadi hurudi migombani.