Ofisi ya kanisa nayo ni mahali pa kazi

Ukitaka kuijua ofisi ya kanisa, nenda Jumamosi asubuhi. Saa tatu haijafika, na mbele ya meza ya katibu muhtasi wamesimama bwana harusi mtarajiwa anayetaka barua ya utambulisho kwenda usharika wa mchumba wake, mama anayetafuta cheti cha ubatizo cha mtoto wake kwa ajili ya shule, na wazee wawili kutoka familia iliyofiwa wanaouliza ibada ya mazishi itaanza saa ngapi na nani ataongoza. Nje, fundi wa jengo jipya anasubiri malipo ya wiki. Mwalimu wa kwaya amechungulia dirishani mara mbili, kinanda hakiwaki. Simu ya ofisi inaita, na ya mkononi nayo inaita, kwa sababu wazee wa kanisa wameanza kuulizana kwenye kundi la WhatsApp kama ratiba ya kesho imeshachapwa.

Katibu huyo anamjibu kila mmoja kwa "Bwana Yesu asifiwe" na tabasamu. Watu husema ana karama ya kuhudumia, na ni kweli. Lakini yuko kazini tangu Jumatatu, kesho atafika kabla ya ibada ya kwanza, na keshokutwa ndiye atakayefungua mlango tena. Sharika na parokia nyingi za mijini zina mtu kama yeye. Ukiuliza mkataba wake, mara nyingi utaonyeshwa barua ya kumkaribisha katika utumishi, iliyoandikwa na mchungaji aliyekwisha kuhamishwa, na posho iliyotajwa humo imekuwa ikibadilishwa kwa maneno ya mdomo tu.

Hawa ndio ninaotaka tuwazungumzie leo: makatibu muhtasi, wahasibu, wahudumu wa usafi, walinzi, madereva, mafundi mitambo, wainjilisti na makatekista wanaolipwa. Tunapopima afya ya kanisa huwa tunatazama mahudhurio, sadaka na mahubiri. Ni mara chache tunauliza hali za wale wanaoiendesha nyumba hiyo siku sita zilizobaki.

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba hii ni kazi ya Mungu. Naliheshimu jibu hilo, maana wapo watu walioacha mishahara minono wakaja kulitumikia kanisa kwa kipato kidogo, na hawakujuta. Hata hivyo wito ni jambo la mtu na Mungu wake. Mtumishi anaweza kuutoa mwili wake na muda wake kama sadaka. Mwajiri hana mamlaka ya kumtolea sadaka hiyo bila ridhaa yake, kisha akaiita imani.

Sheria yenyewe haina utata hapa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 iliwataja wale isiowahusu: walio katika utumishi wa Jeshi la Wananchi, Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Kanisa halimo katika orodha hiyo. Kwa hiyo mhudumu anayedeki kanisa ana haki zilezile za mhudumu anayedeki benki: maelezo ya ajira yake kwa maandishi, saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki, mapumziko ya angalau saa 24 mfululizo kila wiki, likizo ya siku 28 kwa mwaka, na likizo ya uzazi isiyopungua siku 84. Shauri likifika mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi na mwajiri akashindwa kutoa maandishi ya ajira, mzigo wa kuthibitisha masharti yaliyobishaniwa unamwangukia yeye. Wazee wengi wa kanisa wanalijua hili vizuri kabisa katika ofisi zao za Jumatatu hadi Ijumaa. Kwa nini wanalisahau wakifika kwenye kikao cha usharika?

Pagumu zaidi ni kwenye zile saa 24. Jumapili ni siku ya mapumziko ya muumini, ila kwa mtumishi wa ofisi ya kanisa ndiyo siku nzito kuliko zote. Makanisa mengi yamempa mchungaji Jumatatu apumzike, na ni vema. Lakini Jumatatu hiyohiyo mhasibu lazima apeleke sadaka benki, na katibu lazima apokee wagonjwa wa kuombewa waliotangazwa jana. Basi wapewe siku nyingine, kila mtu na yake, na siku hizo zitangazwe ibadani kama yanavyotangazwa matangazo ya ndoa, ili muumini ajue kwamba Jumatano simu ya dada wa ofisini haipokewi. Mapumziko wasiyoyajua washarika hayadumu hata wiki mbili. Mtu mmoja atapiga kwa dharura, wa pili atapiga kwa sababu wa kwanza alipokewa.

Haya si madai ya watu wavivu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa matokeo ya uchunguzi wao kuhusu saa ndefu za kazi. Anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari kubwa zaidi ya kupata kiharusi, kwa takriban asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo, kwa asilimia 17, akilinganishwa na anayefanya saa 35 hadi 40. Miaka miwili kabla yake, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeeleza dalili za uchovu wa kazi uliopita kiasi: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi, na kujiona huna tija.

Dalili ya pili ndiyo inayoniumiza nikiifikiria ndani ya kanisa. Katibu amechapa ratiba za mazishi mwaka hadi mwaka, mpaka jina la marehemu halimgusi tena. Anasikia maombi upande wa pili wa ukuta na hayasikilizi. Anajibu watu kwa ukali. Wanaomzunguka husema amepoa kiroho, wanamwekea mikono na kumwombea, naye anarudi mezani kuendelea na kazi ileile kwa saa zilezile. Biblia wanayoishika inasimulia habari ya Eliya alipochoka hata akaomba kufa, katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme sura ya 19. Malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Mazungumzo kuhusu kazi yalikuja baadaye, Horebu, mwili ulipokwisha kupata nguvu. Huyu katibu naye alihitaji likizo kwanza.

Kuna jambo moja linaloifanya ofisi ya kanisa iwe tofauti na ofisi nyingine yoyote. Mfanyakazi wa benki akigombana na meneja, Jumapili anakwenda kanisani kutua mzigo. Mfanyakazi wa kanisa akigombana na bosi wake, bosi huyo ndiye anayempa Meza ya Bwana, ndiye aliyembatizia watoto, na ndiye atakayemzikia mama yake. Amweleze nani? Wana jumuiya yake nao ni waajiri wake kwa namna fulani, wengine wamo kwenye kamati ya fedha. Akisema, ataambiwa anampinga mtumishi wa Mungu. Akiacha kazi, siku moja hiyohiyo anapoteza mshahara, kwaya, jumuiya na marafiki. Ndiyo maana wengi hunyamaza, na viongozi huuchukua ukimya huo kuwa amani.

Mtu wa namna hii anahitaji mlango mwingine wa kupelekea neno lake, na mlango huo uandikwe kwenye mkataba. Wawepo watu wawili wanaojulikana, mmoja wao mwanamke, na angalau mmoja awe nje ya usharika, jimboni au dayosisini, asiyepangiwa kazi na mchungaji anayelalamikiwa. Kanisa la kwanza lilifanya jambo linalofanana na hilo. Matendo ya Mitume sura ya 6 inaeleza manung'uniko ya Wayahudi wa Kiyunani kwamba wajane wao walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuwaambia wanaolalamika kwamba imani yao ni haba. Waliwaita wanafunzi, wakachaguliwa watu saba, Stefano na Filipo wakiwamo, wakakabidhiwa kazi hiyo. Malalamiko yaliyosikilizwa ndiyo yaliyozaa utaratibu.

Mlango huo unahitajika zaidi pale mfanyakazi, hasa binti, anaposumbuliwa kingono na mwenye cheo. Papa Francis aliagiza mwaka 2019 majimbo yote ya Kanisa Katoliki yawe na njia ya wazi ambayo mtu yeyote anaweza kuitumia kupeleka taarifa za udhalilishaji. Makanisa mengine hayana haja ya kusubiri kashfa ndipo yajifunze. Chumba cha ushauri kiwe na kioo mlangoni, vikao vya faragha visifanyike usiku ofisi ikiwa tupu, na binti wa ofisi asitumwe peke yake kupeleka "faili" nyumbani kwa kiongozi.

Halafu kuna kukemeana kwa njia ya ibada. Maombi ya asubuhi ya watumishi ni kitu kizuri, na ofisi nyingi zimejengwa nayo. Yanaharibika siku kiongozi anapoomba Mungu awasaidie "baadhi yetu wanaochelewa kazini", na wote chumbani wanajua ni nani. Kumsema mfanyakazi kwa maombi, au vibaya zaidi madhabahuni, ni kumpiga mtu asiyeweza kujibu, maana ataonekana anajibizana na Neno. Kosa la kazini lizungumzwe ofisini, mlango umefungwa, mtu apewe nafasi ya kujieleza, na kikiandikwa kitu apewe nakala. Maombi yaachwe yawe maombi.

Sasa fedha. Tazama meza ya kuhesabia sadaka baada ya ibada: mifuko inamiminwa, noti zilizokunjwa zinanyooshwa, sarafu zinapangwa kwa mafungu, bahasha zenye namba zinafunguliwa na kila moja inaandikwa kwenye daftari. Wahesabuji wakiwa kadhaa na wote wakatia sahihi, hesabu hiyo inamlinda kila aliyekaa pale. Taabu huanza fedha zinapolala kwenye droo ya katibu mpaka Jumatatu kwa sababu hakuna sefu, au sadaka zinapotumwa kwa simu kwenye namba binafsi ya mhasibu, au kiongozi anapopita akasema, "Nitolee kidogo hapo, vocha tutaandika baadaye." Mhasibu afanyeje? Akikataa, amemvunjia heshima mzee. Akikubali, mwisho wa mwaka mkaguzi atamuuliza yeye.

Paulo alikwisha kuliona hili. Katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho sura ya 8 anaeleza kwamba mchango wa watakatifu ulikabidhiwa kwa watu kadhaa waliojulikana, ili lawama isipate mahali pa kushika. Kwa hiyo namba ya malipo isajiliwe kwa jina la kanisa. Hakuna fedha kutoka bila vocha, hata kwa askofu. Hati ya benki iwe mezani Jumatatu kabla ya saa sita mchana. Mhasibu anayefanya kazi chini ya taratibu hizo analala usingizi, na hiyo nayo ni afya.

Kuhusu chumba chenyewe sina mengi, kwa kuwa yanaonekana kwa macho. Ofisi nyingi za kanisa ni stoo zilizopewa meza. Spika mbovu ziko kona moja, mabaki ya rangi na mabenchi yaliyovunjika kona nyingine, na dirisha limezibwa na kabati. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ahakikishe hewa, mwanga, maji ya kunywa na vyoo vya kufaa. Fundi mitambo anayekaa kando ya spika ibada tatu mfululizo apewe kinga ya masikio. Mlinzi wa usiku apewe kibanda, koti na tochi.

Najua hoja inayokuja: kanisa letu ni dogo, tunajenga, hatuna uwezo. Kwa usharika wa vijijini wenye familia chache hoja hiyo ina uzito, na dawa yake ni kusema ukweli mapema. Kama uwezo ni wa kumlipa mtu siku tatu, aajiriwe siku tatu, iandikwe, na siku ya nne aachwe ashughulikie shamba lake. Wanaojitolea wajulikane kuwa wanajitolea, nao wawe na mwanzo na mwisho. Lakini usharika unaoezeka kanisa la mamia ya milioni huku mchango wa mhudumu wake haujapelekwa kwenye Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) hauwezi kusema hauna uwezo. Umechagua. Torati, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 24, iliamuru kibarua maskini alipwe siku ileile kabla jua halijatua. Yakobo naye alionya kuhusu ujira wa wavunaji uliozuiwa. Wala haitoshi kumwandalia mtumishi anayestaafu hafla yenye keki na kitenge baada ya miaka ishirini isiyo na mchango hata mmoja wa pensheni.

Sharika nyingi hukaa na bajeti za mwaka unaofuata katika miezi ya mwisho wa mwaka. Mzee wa kanisa unayesoma hapa, kabla hujapitisha fungu la jengo, omba uletewe mikataba ya watumishi wote, stakabadhi za NSSF, na orodha ya nani alikwenda likizo mwaka huu na lini. Kama hakuna cha kukuletea, ajenda ya kwanza ya kikao chenu iwe hiyo.