Umbali wa Ndege Kati ya Viwanja Viwili

Kila kiwanja cha ndege kina namba mbili zinazoonyesha mahali kilipo duniani: latitudo na longitudo. Umbali kati ya viwanja viwili hukokotolewa kutokana na namba hizo. Kiwanja cha Julius Nyerere, Dar es Salaam, kipo digrii 6.88 kusini ya ikweta na digrii 39.20 mashariki, cha Jomo Kenyatta, Nairobi, kipo 1.32 kusini na 36.93 mashariki. Tofauti yao ni digrii 5.56 za latitudo na 2.27 za longitudo. Karibu na ikweta kila digrii ni kama kilomita 111, hivyo zinapatikana kilomita 617 kuelekea kaskazini na 252 kuelekea magharibi. Kanuni ya Pythagoras, ileile ya darasani, inamalizia kazi: kilomita 667 hivi, au maili 360 za baharini. Basi linalopitia Arusha na Namanga hutembea karibu kilomita 900. Mstari huo wa angani unapita kama kilomita 30 tu mashariki ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, na abiria wa dirisha la kushoto anayekwenda Nairobi huuona mlima vizuri kukiwa hakuna mawingu.

Kwa safari ndefu Pythagoras hafai, kwa sababu dunia ni mviringo na digrii za longitudo huzidi kubanana kadiri mtu anavyoikaribia ncha. Hapo hutumika kanuni ya haversine, ambayo mabaharia waliitumia kabla ya ndege kuwapo. Huchukua nusukipenyo cha dunia, kilomita 6,371, na kupima njia fupi kuliko zote juu ya mviringo, yaani duara kuu. Nairobi hadi New York, njia hiyo ni takriban kilomita 11,840. Mstari ulionyooka kwenye ramani ya Mercator ungeongeza kama kilomita 350. Ajabu ni kwamba njia fupi hupanda hadi digrii 42 kaskazini, kisha hushuka kidogo kuifikia New York iliyo kwenye digrii 40.6.

Dunia nayo imebonyea kidogo kwenye ncha, kwa hiyo programu makini huirekebisha hesabu. Tofauti mara nyingi haifiki asilimia moja.

Rubani hata hivyo haufuati mstari huo moja kwa moja. Hupita njia za anga zilizopangwa, hukwepa mawingu ya radi, na nchi ikifunga anga yake huzunguka. Upepo haubadilishi kilomita, hubadilisha saa: Kenya Airways ilipoanza safari za New York mwaka 2018, kwenda kulichukua kama saa 15 na kurudi 14.

Duara kuu lina kazi hata ardhini. Kanuni namba 261 ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2004, inayohusu fidia kwa abiria ambao safari zao zimefutwa, iliagiza umbali upimwe kwa njia hiyo, si kwa kilomita ambazo ndege imezunguka.