Jeki Si Nguzo



Kisugu, jirani na viwanda vya Kampala, ni mtaa wa mteremko unaoshuka kuelekea Namuwongo. Fundi anayefunga jeki nne za kusawazisha gari kuukuu la kulala asisahau hilo. Jeki zifungwe kwenye chesisi nzima, si kwenye sakafu wala chuma kilicholiwa na kutu. Chini ya kila jeki uwekwe ubao mpana, maana udongo uliolowa hudidimia. Magurudumu yazuiwe kwa magogo.

Lakini jeki hizo husawazisha tu. Tusiingie chini ya gari kabla ya kuweka stendi imara za chuma. Sheria ya Uganda ya Usalama na Afya Kazini ya 2006 inamtaka mwajiri atulinde. Tuidai haki hiyo pamoja. Kazi iliyochelewa itamalizika kesho. Mwenzetu aliyeangukiwa na gari hatarudi.