Orodha ya Vyombo vya Seremala Anayestaafu: Uteuzi wa Maneno katika Hati ya Mauzo

Miongoni mwa hati ambazo wafasiri na watumishi wa umma huombwa kuziandika, orodha ya mali inayouzwa ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Haina fasihi ndani yake, wala haina sheria nzito ya kumtisha mwandishi. Huachiwa karani, naye huimaliza kabla ya chakula cha mchana. Lakini mwenye mali huisubiri hati hiyo kwa wasiwasi, maana bei atakayopewa itategemea majina yaliyomo.

Katika makala haya tumechagua orodha ya aina moja tu, nayo ni ile ya karakana ya useremala iliyo nyumbani kwa mtu. Mwenyewe amekuwa mwalimu wa ufundi au mtumishi wa idara fulani, na kwa miaka mingi amefanya useremala nyuma ya nyumba jioni na siku za mapumziko. Sasa amefikia umri wa kustaafu, ambao kwa mtumishi wa umma wa Tanzania ni miaka 55 kwa hiari na miaka 60 kwa lazima. Anahamia nyumba ndogo isiyo na nafasi ya banda, au anarudi kwao. Vyombo vyote hawezi kuvibeba, basi ataviuza. Tuchukue mfano wa orodha kama hii: “Randa chakavu tatu. Misumeno chakavu mitano. Vyombo mbalimbali vya useremala, sanduku moja. Mashine moja.”

Kosa kubwa la orodha hii ni neno *chakavu*. Kwa asili, kitu kilichochakaa ni kile kilichoharibika kwa kutumiwa mno, na siku hizi neno hilo limeambatana na biashara ya vyuma chakavu, ambavyo hununuliwa kwa uzito ili vikayeyushwe. Asomaye “randa chakavu” huja na mizani. Randa ya chuma ya kiasi cha kawaida haifikii kilo mbili, na ile ndefu haifikii kilo nne, kwa hiyo mwenye mali ataondoka na fedha ya nauli. Karani alitaka kusema tu kwamba si mpya. Kwa maana hiyo Kiswahili kina *-liotumika*, ambalo halisifu wala halitukani. Kina pia *kuukuu*, lenye maana ya kitu cha siku nyingi kilichopoteza upya wake, na *-a zamani*, ambalo kwa zana za mkono mara nyingi ni sifa, kwa kuwa mafundi wengi hukitafuta chuma cha zamani kuliko cha leo. *Mtumba* tuliache kwenye nguo. Ushauri wetu ni kwamba *chakavu* liandikwe pale tu ambapo chombo hakiwezi tena kufanya kazi yake, na hapo liandikwe bila haya.

Jina la mahali penyewe nalo lina mtego. Zamani neno *kiwanda* lilimaanisha uwanja au kibanda cha fundi, na mtu aliweza kusema “kiwanda cha seremala” bila kumshangaza yeyote. Leo kiwanda ni mahali penye mitambo mikubwa na wafanyakazi wa mishahara. Tangazo lisemalo “kiwanda cha mbao kinauzwa” litawaleta wanunuzi wanaotafuta mtambo wa kupasulia magogo, na huenda likamleta pia ofisa wa kodi. *Karakana*, neno tulilolipata kutoka Kiajemi, ambako lina maana ya nyumba ya kazi, latosha kabisa. Tukitaka kuondoa shaka tuseme *karakana ya nyumbani*.

Wafasiri wametuuliza zaidi ya mara moja kuhusu neno la Kiingereza linalotumiwa kwa wastaafu wanaoacha nyumba kubwa na kuingia ndogo. Neno hilohilo hutumiwa kwa kampuni inayopunguza watumishi. Hapa pana hatari. Kwa msomaji wa Kiswahili, hasa aliyeishi miaka ya 1990 wakati mashirika mengi ya umma yalipopunguza wafanyakazi, *kupunguzwa* ni kupoteza kazi. “Mzee amejipunguza” itachekesha, na “amepunguzwa” itasikitisha. Yamependekezwa *kupunguza makazi* na *kujibana*. La kwanza lasikika kama mpango wa wizara, na la pili lina harufu ya umaskini. Kwa maoni yetu istilahi ya neno moja haihitajiki hapa. *Kuhamia nyumba ndogo* ni Kiswahili kamili, na kila mtu anakielewa. Kwa hakika mstaafu wa kwetu mara nyingi hahami nyumba kubwa kwenda ndogo, bali hutoka katika nyumba ya kazini, ambayo si mali yake, akaenda katika nyumba aliyoijenga mwenyewe. Mfasiri wa kitabu cha kigeni atazame ni hali ipi kati ya hizo mbili inayozungumzwa.

Sasa tuingie ndani ya sanduku.

*Randa* ni neno lililotufikia kutoka Kiajemi, na linatosha kwa jamii nzima ya chombo hiki. Lakini “randa tatu” si maelezo, kwa kuwa randa hutofautiana kwa urefu, na urefu ndio kazi yake. Randa fupi huingia katika mabonde ya ubao na kuyafuata. Randa ndefu hukaa juu ya vilima, ikavikata hivyo kwanza, mpaka ubao uwe sawa kutoka ncha hadi ncha. Katika mfululizo wa Stanley, ambao mafundi wengi wanaufahamu kwa namba zake, namba 4 ina urefu wa sentimita 24 hivi, namba 5 sentimita 35 hivi, na namba 7 sentimita 56 hivi. Tunapendekeza majina yanayofuata kazi: *randa ya kulainishia* kwa ile fupi, *randa ya kuparia* kwa ile ya kati inayoondoa ukwaru wa kwanza, na *randa ya kunyooshea* kwa ile ndefu. Namba ya kiwanda iandikwe pembeni, wala isibadilishwe. Kadhalika itajwe kama kisu cha randa kipo na kimebaki kiasi gani, maana kisu hupungua kila kinaponolewa, na randa yenye kisu kilichokwisha ni nusu ya randa.

Misumeno mitano haiwezi kuwa sawa pia. Kuna *msumeno wa kupasulia*, unaokwenda kufuata nyuzi za mbao, na meno yake yamechongwa kama patasi ndogondogo zilizopangwa mstari. Kuna *msumeno wa kukatia*, unaokata nyuzi kwa upande, na meno yake ni kama ncha za visu. Ukiutumia mmoja kwa kazi ya mwingine utatoka jasho bure. Jambo la tatu la kuandika, ambalo orodha nyingi hulisahau, ni kama msumeno *hutiwa tupa*. Misumeno mingi ya siku hizi ina meno yaliyogandishwa kwa moto hata tupa haiyashiki, nayo ikiisha makali hutupwa. Msumeno wa zamani hunolewa tena na tena. Maneno mawili hayo, “hutiwa tupa”, yanaweza kuongeza bei.

Kuhusu *patasi* na *juba*, tumeona kamusi na walimu wakiyatumia kama visawe. Hatukubaliani na desturi hiyo. Patasi ni jina la jumla, na juba ni ile nene iliyokusudiwa kuchimbia tundu la kuingiza ulimi wa kiungo, ambayo hupigwa kwa nguvu na kubenuliwa ndani ya tundu. Mnunuzi aliyedanganywa na jina akabenua patasi nyembamba ataivunja siku ya kwanza.

*Keekee* linastahili maelezo marefu zaidi, kwa sababu ni mfano wa utajiri unaotoweka. Keekee ya asili ya pwani ilikuwa na chuma cha kutobolea kilichoitwa *kijembe*, kilichotiwa katika mti wa kuzunguka ulioitwa *msukano*. Mti huo ulizunguka ndani ya mshikio ulioitwa *jivu*, na ulizungushwa kwa *uta* na kamba yake. Basi chombo kimoja kilikuwa na majina manne ya sehemu, na yote yalikuwa Kiswahili. Ilipokuja keekee ya mkono wa chuma, na baadaye ya umeme, jina la jumla lilihamia kwenye chombo kipya lakini majina ya sehemu hayakuhama. Wanafunzi wa shule za ufundi kama Ifunda na Moshi walijifunza sehemu hizo kwa Kiingereza, na mafundi wa mitaani wakazibandika majina ya kuokoteza. Tunaona hapana sababu ya kutokirudisha *kijembe* kwa kile chuma cha kutobolea, kwa kuwa kazi yake haikubadilika hata kidogo. *Uta* hatuwezi kuurudisha, maana haupo. Katika orodha ya mauzo: “keekee ya mkono, na vijembe 9, milimita 3 hadi 12.” Tusiviandike vijembe mahali pengine mbali na keekee yake, kwani mnunuzi atakayepata kimoja bila kingine hatakuwa amenunua chombo.

*Jiliwa* ni chombo cha kubania kilichofungwa mezani. Kile cha kubebeka, cha kushika mbao mbili mpaka gundi ikauke, wengi hukiita kwa Kiingereza. Tunalo neno *gango*, linalotokana na *ganga*, nalo hutumika kwa kitu chochote kinachoshikiza kilichoachana, tangu banzi la mfupa uliovunjika. Seremala naye anaganga. Seremala aliyekamilika huwa na magango mengi, nayo huuzwa haraka kuliko vitu vingine, basi yahesabiwe moja moja na urefu wa mdomo uandikwe. *Msasa* halihitaji utetezi wowote: lilikuwa jina la mti wenye majani ya kukwaruza, likawa jina la karatasi, na hakuna aliyelalamika.

“Mashine moja” ndiyo mstari wa orodha wenye fedha nyingi kuliko yote, nao umepewa maneno mawili. Iandikwe inafanya nini: *mashine ya kuranda*, *msumeno wa mezani*, *mashine ya kukerezea*, ambayo kwa kifupi ni *kerezo*. Kisha uandikwe umeme inaoutaka. Mashine ya *njia tatu* haiwezi kuwashwa moja kwa moja katika nyumba yenye umeme wa *njia moja*, ambayo ndiyo hali ya nyumba nyingi. Mnunuzi akigundua jambo hilo baada ya kulipia gari la kuibebea, ugomvi utarudi kwa mstaafu, ambaye pengine amekwisha kuhama.

Hati nyingi huchanganya *kuuza kwa jumla* na *kuuza kwa mkupuo*. Jumla hutazama wingi wa bidhaa za namna moja, kama katoni za sabuni. Karakana ina vitu vya namna nyingi vinavyoondoka pamoja kwa bei moja, basi *kwa mkupuo* ni sahihi zaidi. Anayeuza kwa mkupuo humaliza kazi kwa siku moja na kupata kidogo. Anayeuza kimoja kimoja hupata zaidi lakini hupokea wageni kwa miezi, na mwishoni hubaki na vile visivyotakiwa. Hati iseme wazi ni njia ipi, na kama ni ya pili, kila chombo kiwe na namba yake.

Zimebaki mbao, ambazo seremala yeyote huwa amezilimbikiza. “Mbao ngumu, rundo moja” haifai. Mninga, mvule, mkongo na msaji havina bei moja, na mpingo huuzwa hata vipande vyake vidogo. Mti usiojulikana uandikwe kuwa haujulikani. Jina la mti lina kazi nyingine pia: mazao ya misitu yakisafirishwa huhitaji hati chini ya taratibu za Sheria ya Misitu ya 2002, na mnunuzi atakayesimamishwa njiani ataulizwa amebeba nini na amekipata wapi. Stakabadhi za ununuzi wa kwanza, zikiwapo, ziambatanishwe. Mwisho, vipimo. “Mbili kwa sita” ni ukubwa wa ubao ulipotoka kwenye msumeno. Ukipigwa randa hupungua kila upande, kwa hiyo karani achukue rula, apime ubao kama ulivyo, na aandike “umepigwa randa” au “haujapigwa randa” mbele ya kila rundo.