Korona haikufuta mikataba: jinsi wanasheria wa kampuni walivyopima madai ya mwaka 2020

MFANYABIASHARA wa Bungu, juu katika milima ya Usambara, anayepakia kabichi na karoti kushuka Korogwe hana mwanasheria. Ana daftari, ana simu na ana neno la mnunuzi. Upande wa pili, kampuni inayopokea mzigo huo, iwe ni hoteli, shule ya bweni au msambazaji wa Dar es Salaam, mara nyingi ina mwanasheria wa kuajiriwa mwenye meza yake ndani ya ofisi. Pande hizo zilipokosana mwaka 2020, aliyejua mapema kilichoandikwa katika faili ndiye aliyekaa vizuri kwenye mazungumzo.

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa Machi 16, 2020. Siku iliyofuata serikali ilifunga shule na kuzuia mikusanyiko. Aprili ndege za abiria za kimataifa zilisimamishwa, zikaruhusiwa tena Mei 18. Kidato cha sita na vyuo walirudi Juni 1, na shule nyingine Juni 29. Lakini Tanzania haikufungia watu ndani kama ilivyofanya Uganda, wala haikuweka amri ya kutotoka usiku kama Kenya. Masoko yaliuza, mabasi yalitembea, malori yalipanda na kushuka milima.

Tofauti hiyo ndiyo iliyowapa kazi wanasheria wa kampuni. Barua zilizoingia ofisini ziliandikwa karibu kwa maneno yale yale: "kutokana na janga la korona tunashindwa kutekeleza mkataba." Korona ikawa mwavuli wa kila mtu, hata wa yule ambaye deni lake lilikuwa limelala tangu Krismasi. Jambo la kwanza ambalo mwanasheria makini hufanya na barua ya namna hiyo ni kuuliza swali fupi: ni amri ipi, ya tarehe ipi, iliyokuzuia kufanya jambo gani?

Haiwezekani, au haina faida?

Sheria inayotawala mikataba ya biashara Tanzania Bara ilitungwa mwaka 1961 ikifuata ile ya India ya mwaka 1872. Kifungu cha 56 kinasema kwamba jambo lililoahidiwa likija kuwa haliwezekani baada ya mkataba kufungwa, au likawa haramu kwa tukio ambalo mwenye kuahidi hakuweza kulizuia, mkataba unabatilika. Maneno ni machache, na hayataji ugonjwa, vita wala mafuriko. Kwa hiyo hakuna mahali palipoandikwa kwamba janga linafuta deni.

Mikataba mikubwa huwa na kifungu chake chenyewe cha nguvu isiyozuilika, kinachoorodhesha matukio kama vita, moto, mafuriko, amri ya serikali na pengine magonjwa ya mlipuko. Penye kifungu hicho, mwanasheria huanza hapo kabla ya kufungua kitabu cha sheria. Huangalia kama ugonjwa au amri ya serikali imetajwa, kama tukio linafuta wajibu au linausogeza mbele tu, na zaidi ya yote siku ngapi zilitolewa za kupeleka taarifa kwa maandishi. Mkataba ukitaka taarifa ndani ya siku 14, na mwenye shida akakaa kimya hadi mwezi wa tatu, anaweza kupoteza haki yake ingawa shida yake ilikuwa ya kweli.

Mikataba ya Bungu mingi haina kifungu hicho. Ni karatasi moja, au ni ujumbe wa simu. Hapo kinabaki kifungu cha 56, nacho mahakama hukisoma kwa mkono mgumu.

Mfano unaowafaa wafanyabiashara ni wa karanga za Sudan. Oktoba 1956 wauzaji walikubali kupeleka tani 300 za karanga Hamburg, Ujerumani, na mzigo ulitakiwa kupakiwa Novemba au Desemba. Novemba mfereji wa Suez ukafungwa kwa vita. Wauzaji hawakupakia. Walidai mkataba umekufa, kwa kuwa njia iliyobaki ya kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema ilikuwa zaidi ya mara mbili kwa urefu, na nauli yake ilipanda vivyo hivyo. Kesi ilifika baraza la juu la rufaa la Uingereza, nao wakashindwa mwaka 1961. Karanga hazikuwa za kuoza njiani, meli zilikuwapo, na tarehe ya kufika haikuwa imewekwa. Hasara haikuwa sawa na kutowezekana.

India nako, kwa sheria ambayo ni mama wa yetu, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1953 kesi ya viwanja vya Kolkata vilivyotwaliwa na serikali wakati wa Vita Kuu ya Pili. Ilisema kwamba "haiwezekani" si lazima imaanishe kutowezekana kwa mwili. Inatosha kama msingi wenyewe wa makubaliano umeng'oka. Hata hivyo mnunuzi hakuambiwa mkataba umekufa, kwa sababu utwaaji ulikuwa wa muda na mkataba haukuweka mwisho wa kazi. Uamuzi wa India haumfungi hakimu wa Korogwe, ila husikilizwa kwa heshima.

Sasa ichukuliwe shule ya bweni iliyokubaliana na mfanyabiashara wa Bungu kupokea kabichi kila wiki kuanzia Januari hadi Juni 2020. Machi 17 shule inafungwa kwa amri. Hapa mnunuzi ana hoja nzito, kwa kuwa amri ipo, ina tarehe, na wanafunzi waliokuwa wale kabichi wameondoka. Muuzaji naye ana hoja kwamba kununua kabichi hakukuharamishwa, na kwamba miezi ya Januari na Februari, pamoja na wiki mbili za Machi, mzigo ulipokelewa na kuliwa. Kwa sehemu hiyo ya mwisho hakuna mjadala: kilicholiwa kinalipwa. Na kama shule ilitanguliza fedha za miezi ya mbele, kifungu cha 65 kinamtaka aliyepokea manufaa ya mkataba uliobatilika ayarudishe au afidie.

Msambazaji wa mjini aliyeacha kupokea mzigo Mei kwa sababu tu wateja wake wamepungua yuko mahali pengine kabisa. Hakuna amri iliyomfungia duka. Bei ilianguka, naye akajificha nyuma ya ugonjwa. Mwanasheria wake mwenyewe, akiwa mkweli, humwambia apatane mapema, maana kesi hiyo ni ya kushindwa.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa milimani hulijua kuliko mwanasheria wa mjini. Machi hadi Mei ni masika. Barabara za Usambara huteleza, kingo huporomoka, na lori hukaa siku mbili likisubiri tope likauke. Anayedai kwamba mzigo haukufika Aprili 2020 kwa sababu ya korona lazima aonyeshe kwamba hakuzuiwa na mvua, kwa kuwa masika huja kila mwaka na kila aliyefunga mkataba Januari aliijua.

Mpakani ilikuwa hadithi tofauti. Mei 2020 Kenya ilifunga mpaka wake na Tanzania isipokuwa kwa mizigo, na ikataka madereva wapimwe. Mvutano uliofuata ulikwamisha malori Namanga na Horohoro, mpaka ambao mazao ya Tanga hupitia kwenda Mombasa. Kwa gunia la iliki au chai iliyofungwa, kuchelewa wiki moja ni kuchelewa tu. Kwa nyanya kwenye tenga, wiki moja ni mwisho wa mzigo. Kwa hiyo amri ile ile, siku ile ile, iliweza kumwokoa muuzaji mmoja na kumwacha mwenzake akidaiwa. Wanasheria waliozipanga kesi zao kwa aina ya mali, badala ya kwa jina la ugonjwa, walizimaliza haraka zaidi.

Chai yenyewe ilionyesha njia nyingine. Mnada wa Mombasa, unaouza chai ya nchi nyingi za Afrika Mashariki na Kati, uliacha kukusanya wanunuzi chumba kimoja mwaka 2020 na kuhamia kwenye kompyuta. Baada ya hapo ilikuwa vigumu kwa mtu kusema hakuweza kununua kwa sababu mikusanyiko imezuiwa. Njia mbadala ikiwapo, udhuru hupungua.

Kazi ya karatasi

Sehemu kubwa ya kazi ya mwanasheria wa ndani wakati ule haikuwa mahakamani kamwe. Ilikuwa kabatini. Mikataba yote hutolewa na kupangwa kwa mafungu: inayolipika, inayoweza kusogezwa, na ile ambayo mwenzako atafilisika ukimbana. Fungu la tatu ndilo linalotaka busara. Kumshinda mahakamani muuzaji pekee wa mboga wa kijiji kizima ni kushinda karatasi na kupoteza mboga.

Penye makubaliano mapya, huandikwa. Sheria inaruhusu mkataba wa zamani ubadilishwe na mpya, na inamruhusu mdai kusamehe sehemu ya deni au kuongeza muda. Wengi walikubaliana kwa simu, "tulia kaka, mambo yakitengemaa utalipwa," kisha 2021 kila mmoja akakumbuka lake. Ujumbe wa simu unaweza kupokelewa kama ushahidi chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, mradi uonyeshwe ulikotoka na kwamba haukuchezewa. Anayefuta ujumbe ili kuokoa nafasi kwenye simu anafuta ushahidi wake. Karatasi nayo ina masharti yake: mkataba unaotakiwa kulipiwa ushuru wa stempu hauwezi kutegemewa mahakamani kabla ushuru huo haujalipwa.

Mwenye kudai fidia naye huulizwa alifanya nini kupunguza hasara yake. Kifungu cha 73 kinatoa fidia kwa hasara iliyotokana moja kwa moja na uvunjaji, na kinataka njia zilizokuwapo za kuipunguza zizingatiwe. Mwenye kabichi aliyeziacha zioze shambani Bungu ili adai bei yote hatazamwi kama yule aliyezipeleka soko jingine, akauza kwa bei ya chini, akatunza risiti na kudai tofauti. Ndiyo maana mwanasheria wa mnunuzi, mara tu dai linapofika, huomba kwanza kuona risiti hizo.

Shauri likifika mahakamani

Mahakama za Tanzania hazikufungwa. Baadhi ya mashauri yalisikilizwa kwa video, na mwaka 2021 zikatolewa kanuni maalumu za kuendesha mashauri kwa mbali. Ufunguaji wa mashauri kwa kompyuta ulikuwa na kanuni zake tangu 2018. Kwa kampuni ya Dar es Salaam hilo liliokoa nauli. Kwa shahidi aliyeko kijijini, ambako simu hushika ukipanda mlima tu, lilitaka maandalizi, naye mara nyingi alilazimika kushuka hadi mjini.

Shauri la madai hupitia kwanza upatanishi, utaratibu uliopo tangu mwaka 1994. Mikataba yenye kifungu cha usuluhishi iko chini ya sheria mpya ya mwaka 2020, iliyoanza kutumika Januari 2021 na kuondoa ile ya enzi ya mkoloni ya mwaka 1931. Mfanyabiashara mdogo asome kifungu hicho kabla ya kutia sahihi. Msuluhishi hulipwa na wanaogombana, na dai dogo la kabichi linaweza kumezwa na gharama ya kulisikiliza.

Kwa mwenye hisa chache katika kampuni, yote haya huonekana sehemu moja, kwenye maelezo ya mwisho wa hesabu za mwaka. Kanuni ya kimataifa ya hesabu namba 37 inaitaka kampuni itenge fedha pale ambapo kushindwa kesi kunaelekea kutokea na kiasi kinaweza kukadiriwa. Pale ambapo ni jambo linalowezekana tu, inatakiwa kulieleza bila kutenga kitu. Mwekezaji anayesoma faida peke yake haoni mstari huo. Kampuni iliyoeleza kesi zake za 2020 mwaka baada ya mwaka, kisha ikazitoa bila neno, inastahili kuulizwa kwenye mkutano mkuu zilikwishaje.

Limebaki suala la muda. Tanzania haikusimamisha saa ya ukomo wa madai kwa ajili ya korona. Dai la mkataba lina miaka 6 tangu mkataba ulipovunjwa, hivyo mnunuzi aliyegoma kulipa Aprili 2020 hesabu yake inafika mwisho Aprili 2026. Mahakama hulitupa dai lililopitwa na muda hata kama mdaiwa hakulalamika. Kinachoweza kuirudisha saa mwanzo, kabla haijaisha, ni mdaiwa kukiri deni kwa maandishi yenye sahihi yake, au kulipa sehemu yake. Ndiyo sababu mwanasheria wa kampuni iliyokuwa ikidaiwa aliwakataza watu wa mauzo kuandika hata barua ya kuomba radhi, na mwanasheria wa kampuni iliyokuwa ikidai aliitafuta barua hiyo hiyo kila mwisho wa mwaka.