Omubilizi: Matumizi na Usalama Wake

Omubilizi ni mti mdogo wa jamii ya alizeti, wenye majani machungu mno na maua meupe yanayopendwa na nyuki. Wataalamu wa mimea huuita Vernonia amygdalina. Huko Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, huota pembezoni mwa kibanja, na wengi huupanda uwe uzio, kwa kuwa kijiti chake kikichomekwa ardhini hushika upesi. Hiyo ndiyo sababu mojawapo ya kuwa dawa ya kwanza katika nyumba nyingi: uko mlangoni, haununuliwi, na kila mtu mzima anaufahamu.

Hutumika zaidi kwa homa ya malaria, maumivu ya tumbo na minyoo. Majani mabichi hufikichwa ndani ya maji au huchemshwa, yakachujwa, na maji yake yakanywewa. Kipimo ni kiganja cha majani na kikombe cha maji, na hapo ndipo ugumu wa kupima usalama wake unapoanzia. Kiganja cha mtu mmoja si sawa na cha mwingine, na jani changa halilingani na jani lililokomaa.

Tiba za Wahaya, wenyeji wa Kagera, zimechunguzwa kwa makini. Profesa Mainen Moshi wa Taasisi ya Tiba Asili, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, pamoja na wenzake, walichapisha tafiti tatu kuhusu mitishamba ya Kagera: ya Bugabo mwaka 2009, ya Katoro mwaka 2010, na ya kijiji cha Kikuku wilayani Muleba mwaka 2012. Katika kazi za namna hii, baadhi ya dawa hupimwa sumu kwa vidudu vidogo vya maji ya chumvi viitwavyo Artemia. Vidudu huwekwa kwenye maji yenye dawa kwa viwango mbalimbali, kisha baada ya saa 24 vilivyokufa huhesabiwa. Kipimo hiki ni cha bei nafuu na kinafaa kuchuja mimea mingi kwa haraka. Hata hivyo, hakitoshi kumhakikishia mama kwamba dawa haitamdhuru mwanawe.

Fundisho kubwa kuhusu omubilizi lilitoka Mahale, kando ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1987 mtafiti Michael Huffman na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe aliyezijua vyema dawa za kwao, walimwona sokwe jike aliyeitwa Chausiku akiwa mgonjwa. Alivunja tawi changa la mti huu, akamenya ganda, akatupa majani, kisha akatafuna kiini laini cha ndani na kunyonya maji yake. Siku iliyofuata alikuwa amepata nguvu. Wachunguzi wa kemikali walipoupima mti huo walikuta kwamba majani na ganda vina vernodalini kwa wingi zaidi kuliko kiini. Vernodalini huua vimelea, lakini vilevile huwadhuru panya wa maabara. Kiini kina pia kemikali nyingine, vernoniosidi, ambayo ni pole zaidi. Kwa hiyo sehemu ya mti inayotumika ina umuhimu sawa na mti wenyewe, na binadamu hutumia hasa ile sehemu ambayo sokwe aliitupa.

Hii haina maana kwamba majani ni sumu kwa kila anayeyaonja. Huko Nigeria majani hayohayo ni mboga ya kila siku, ila hufikichwa na kuoshwa kwa maji mara kadhaa hadi uchungu upungue. Dawa hutengenezwa kinyume chake. Maji machungu ndiyo yanayonywewa, na imani iliyozoeleka ni kwamba yakizidi uchungu yamezidi nguvu. Imani hiyo ni ya hatari, kwa sababu uchungu ukizidi, vernodalini nayo inaweza kuwa imezidi.

Je, huponya malaria? Watafiti Challand na Willcox walichapisha mwaka 2009 matokeo ya kuwapa wagonjwa wa malaria isiyo kali maji ya majani haya. Asilimia 67 walionekana kuendelea vizuri hadi siku ya 14, na madhara makubwa hayakuonekana. Lakini miongoni mwa hao walioendelea vizuri, ni asilimia 32 tu ambao vimelea vilitoweka kabisa kwenye damu, na kwa wengi wa hawa vilirudi baadaye. Hatari kubwa ya omubilizi iko hapo. Homa hushuka, mgonjwa hurudi shambani, na vimelea hubaki mwilini. Kwa mtoto mdogo, siku hizo mbili tatu za nafuu zinaweza kuwa ndizo siku za kufikishwa kituo cha afya zilizopotea.

Dawa ya mseto, inayotolewa kituoni kwa malaria, nayo ina asili ya mitishamba. Mwaka 1972 Tu Youyou na wenzake nchini China walitenga artemisinini kutoka mmea wa tiba ya Kichina, baada ya kuacha kuuchemsha na kutumia etha isiyohitaji moto mkali. Tofauti yake na omubilizi ni kwamba kiasi kilichomo katika kila kidonge kinajulikana. Sasa vimelea vyenye badiliko la jeni liitwalo R561H, linalopunguza kasi ya artemisinini, vimegunduliwa mkoani Kagera. Kukatiza mseto na kumalizia kwa omubilizi ni kuviachia vimelea hivyo nafasi.

Wajawazito wanapaswa kuuepuka, kwa kuwa majaribio kwa wanyama yameonyesha kwamba huchochea mikazo ya mfuko wa uzazi. Umeonekana pia kushusha sukari kwa wanyama, kwa hiyo mwenye kisukari anayetumia vidonge au insulini akiunywa anaweza kuishiwa sukari ghafla.

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda Baraza linalosajili waganga na dawa zao. Dawa iliyofungashwa inaweza kufuatiliwa kwa njia hiyo, lakini jani linalochumwa uani halimo kwenye daftari lolote. Kwa jani hilo kinga iliyopo ni mazungumzo kituoni: mhudumu aulize bila kukaripia mgonjwa amekunywa nini nyumbani, kiasi gani na tangu lini, kisha apime damu hata kama homa imekwisha kushuka.