Goma: kabla ya kupima saloni, pima kwanza mahali watu watalala

Kiangazi kikifika, kati ya mwezi wa sita na mwezi wa nane, sehemu kubwa ya mji wa Goma inageuka kuwa mahali pa ujenzi. Huko Ndosho, Mugunga na Majengo, nyundo zinapasua mawe ya volkano tangu asubuhi. Chukudu zinabeba mbao na mifuko ya simenti. Kila mwenye parseli anataka kumaliza kazi kabla mvua za mwezi wa tisa hazijarudi.

Ukimuuliza mmoja wao nyumba yake itakuwa namna gani, mara nyingi ataanza na saloni. Hapa fotei, pale televisheni, hapa meza ya wageni. Saloni inachukua karibu nusu ya nyumba, na vyumba vya kulala vinapata kilichobaki. Usiku ukifika, fotei zinasukumwa ukutani na watoto wanatandikiwa chini.

Kumheshimu mgeni ni jambo zuri. Lakini mgeni anakaa saa mbili na kuaga, na wenye nyumba wanalala humo miaka yote. Tena, katika mji huu uliojengwa juu ya lava, hatari nyingi za nyumba zinawakuta watu wakiwa usingizini. Kwa hiyo anayejenga, au anayetengeneza upya nyumba ya zamani, afadhali aanze na maswali matatu: watu watalala wapi, watapumua hewa gani, na shida ikija watatokea wapi?

Mazuku: parseli inaangaliwa kabla ya plani

Wakaaji wa upande wa magharibi wa Goma, kuanzia Himbi na Keshero hadi Lac Vert, Bulengo na njia ya Sake, wanalijua jina la mazuku. Ni gesi ya kaboni inayotoka ardhini kupitia nyufa za mawe. Haionekani kwa macho. Ina uzito kama mara moja na nusu ya hewa ya kawaida, na kwa sababu hiyo inakaa chini, kwenye mashimo na mabonde, hasa usiku na alfajiri wakati upepo umetulia. Mbuzi au ndege akiingia humo anaanguka. Mtu pia anaweza kufa.

Hiyo inabadilisha plani ya nyumba. Katika maeneo hayo, mtu asichimbe chumba chini ya ardhi, hata kama mteremko wa parseli unamvuta kufanya hivyo. Asiweke chumba cha kulala kwenye pembe ya chini kuliko zote. Msingi uinuliwe, nyufa za mwamba zizibwe vizuri kabla ya kumwaga beto ya sakafu, na watoto walale juu ya kitanda, si kwenye mkeka chini.

Hata hivyo, plani nzuri haiokoi parseli mbaya. Kabla ya kununua, uliza majirani wa zamani kama wanyama wanakutwa wamekufa kwenye shimo fulani, na uliza kituo cha uchunguzi wa volkano cha Goma, OVG. Usishuke shimoni na mshumaa ili kujaribu mwenyewe: gesi inaweza kukudhuru hata kabla moto haujazimika.

Jiko likae mbali na kitanda

Goma iko kwenye urefu wa mita 1,500 hivi, na usiku wa mvua baridi ni kali. Ndipo mtu anaingiza mbabula yenye makala mekundu chumbani, anafunga mlango na dirisha, analala. Makala hayo yanatoa gesi nyingine, tofauti na mazuku, ambayo haina harufu na inaua polepole bila kumwamsha mtu.

Dawa yake inaanza kwenye plani. Mahali pa jiko papangwe tangu siku ya kwanza, nje ya nyumba kubwa au nyuma ya ukuta usio wa chumba cha kulala, na pawe na matundu makubwa juu ya ukuta ili moshi utoke. Siku chache kabla ya kuamua, angalia moshi wa majirani unaelekea upande gani. Hakuna sababu ya kujenga jiko mahali ambapo upepo utarudisha moshi wote kwenye dirisha la watoto. Vyumba vya kulala navyo vipate matundu ya hewa karibu na dari, yasiyozibwa hata wakati wa baridi.

Kutoka usiku

Tarehe 22 mwezi wa tano 2021, lava ya Nyiragongo ilishuka jioni ile na kusimama usiku karibu na mji, upande wa Buhene. Siku tano baadaye, wakaaji wa kata 10 kati ya 18 za Goma waliambiwa waondoke. Katikati ya siku hizo, ardhi ilitetemeka mara nyingi, na nyufa zikaonekana barabarani na kwenye nyumba. Aliyepitia usiku ule anajua kwamba nyumba inapaswa kumruhusu mtu kutoka haraka, gizani, mtoto akiwa mgongoni.

Lakini nyumba nyingi zina mlango mmoja tu, na madirisha yote yamefungwa vyuma kwa kuogopa wezi. Nyumba ya mbao ikishika moto karibu na mlango huo, waliomo ndani hawana njia nyingine. Mlango wa pili wa nyuma unagharimu, lakini hapo si mahali pa kupunguza pesa. Ukishindwa, basi chuma cha dirisha moja kitengenezwe kufunguka kutoka ndani, na ufunguo ukae mahali panapojulikana na wote. Acha pia nafasi kati ya ukuta wako na wa jirani, watu wapite na moto usiruke.

Kwa anayetengeneza upya, tahadhari moja zaidi. Wengi wanataka kubomoa ukuta ili saloni ipanuke. Kabla ya nyundo ya kwanza, fundi aonyeshe ukuta huo unabeba nini. Kama paa au boriti imeegemea hapo, ukiuondoa unadhoofisha nyumba nzima, na tetemeko linalofuata litajua pa kupiga.

Choo nacho ni sehemu ya usiku. Kuchimba shimo kwenye mwamba wa lava kwa nyundo na baramina ni kazi ya siku nyingi na pesa nyingi, na wengi wanalichimba pale tu ambapo jiwe ni laini. Lakini fikiria msichana wa miaka kumi anayetoka saa saba za usiku. Njia iwe fupi, bila ngazi za mawe makali, na taa ndogo ionekane kutoka mlango wa nyuma.

Kamba na majivu

Kupima yote haya hakuhitaji mashine. Chukua kamba, vijiti na majivu, uchore vyumba juu ya parseli kwa ukubwa wake wa kweli. Kitanda cha wazazi kina upana wa mita 1.40 hivi. Kwenye chumba cha mita 3 kwa 3, kikikaa katikati, sentimita 80 zinabaki kila upande. Kwenye chumba cha mita 2, zinabaki 60 tu kwa jumla, na mlango utagonga kitanda kila siku. Mwite mama, waite watoto, watembee ndani ya mistari hiyo kana kwamba ni usiku. Kufuta majivu ni bure. Kubomoa bloke za simenti kunauma.

Wasio na pesa za kumaliza mara moja wachore nyumba nzima, kisha wajenge vyumba viwili vya kwanza. Kwenye ukuta utakaopokea chumba cha baadaye, acha nafasi ya mlango pamoja na boriti yake ya juu, uizibe kwa mbao kwa sasa. Paa nalo lielekezwe upande mmoja wenye tangi: mvua ya milimita 20 ikinyesha juu ya paa la mita 40 za mraba, inaleta karibu lita 800, sawa na bidoni 40. Kwa kufua na kuosha zinatosha siku kadhaa. Kwa kunywa zisitumike hivi hivi, kwani moshi wa volkano unachafua mvua hiyo, na hata mabati yanaliwa na kutu mapema.

Saloni itapata nafasi yake baada ya hapo. Labda itakuwa ndogo kidogo kuliko ya jirani, lakini usiku hakuna mtoto atakayetandikiwa humo.